Balbu Janja na Swichi ya Ukutani: Mwongozo Kamili kwa Nyumba Zetu za Nyanda za Juu Kusini

Balbu yangu janja ya kwanza ilishindwa siku ya nne, na aliyeishinda ni mama mkwe. Alikuja Mbeya kutoka Tukuyu kwa ajili ya kliniki, tukampa chumba cha mbele, na kila usiku kabla ya kulala alizunguka nyumba nzima akipandisha swichi moja moja. Tap. Tap. Tap. "Baba Neema, mnaacha swichi zimeshuka, umeme unaliwa." Taa ya veranda nilikuwa nimeizima kwa simu, giza tupu, lakini kwa mtu anayenunua LUKU kwa pesa ya ndizi swichi iliyoshuka ni ndoo inayovuja. Asubuhi nikafungua simu nikaambiwa balbu haipo hewani. Usiku uliofuata ratiba ya kuwasha taa saa moja jioni haikufanya kitu, tukafika nyumbani na funguo mkononi, tunapapasa kitasa.

Nilinuna siku mbili. Kisha nikakubali kwamba mama alikuwa anaitumia nyumba kama nyumba inavyotumika. Swichi ipo mlangoni, kila mkono unaijua, na hakuna mgeni atakayeomba programu ya simu yako ili aende chooni. Kwa hiyo kila ninachoeleza hapa kinaanzia ukutani: ipange swichi kwanza, balbu ifuate. Wengi tunanunua balbu kwanza, ndiyo maana nyingi ziko kwenye droo.

Balbu hii inataka nini

Balbu ya kawaida ukiipa umeme inawaka, ukiunyima inazima, basi. Balbu janja ina redio ndogo shingoni inayosikiliza amri kutoka kwenye simu, rimoti au ratiba uliyoipanga. Redio hiyo inakula umeme kidogo muda wote, hata taa ikiwa imezimwa. Ukizima ukutani umeinyima pumzi: haisikii simu, haifuati ratiba, haipo.

Kwa hiyo swali la mama mkwe lina jibu la namba. Balbu janja nzuri ikiwa inasubiri tu inakula nusu wati au chini ya hapo. Nusu wati kwa saa 24 kwa siku 30 ni wati-saa 360, yaani yuniti 0.36 kwa mwezi. Balbu tano zinafika yuniti 1.8. Si nyingi, ila kama uko kwenye lile kundi la matumizi madogo lisilotakiwa kuvuka yuniti 75 kwa mwezi, na kila mwezi unafika 73 huku unaomba Mungu, zihesabu. Upande wa pili wa mizani: taa ya nje ya wati 9 inayosahauliwa ikiwaka kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 5 inakula yuniti 1.35 kwa mwezi kwa saa hizo za bure pekee. Pale ratiba inajilipa yenyewe.

Zunguka nyumba na kalamu kabla ya kwenda dukani

Chukua karatasi, pita kila chumba, andika mambo mawili: nani anagusa swichi hii, na mara ngapi kwa siku. Usiandike chumba kinavyopendeza, andika mikono.

Kwangu ilitoka hivi. Choo: kila mtu, mara ishirini. Jikoni: mke wangu na dada wa kazi, mikono ina unga, hakuna atakayeshika simu pale. Korido: watoto, wanaokimbia huku wakipiga swichi kwa kiganja. Chumba chetu: watu wawili wanaoelewana, angalau kuhusu taa. Veranda: mtu mmoja jioni, mtu mmoja asubuhi, na mara nyingi hakuna anayekumbuka.

Balbu janja inafaa pale mikono ni michache na faida ni kubwa. Veranda na taa ya nje ya ulinzi ndizo za kwanza, bila ubishi. Chumba cha kulala kinafuata, hasa ukitaka mwanga upungue kabla ya kulala au uwake taratibu alfajiri. Baridi ya Juni hapa Mbeya, kutoa mkono nje ya blanketi kuzima taa ni adhabu, na kwa hilo pekee nilisamehe bei. Choo na jikoni waachie balbu za kawaida. Nimeona mtu wa Iringa, pale Gangilonga, ameweka balbu janja hadi stoo ya mahindi. Stoo! Mahindi hayahitaji rangi ya zambarau.

Mpangaji wa chumba na sebule aangalie na jambo lingine: swichi ya taa ya nje ni ya nani? Kwenye nyumba nyingi za kupanga veranda ni ya wote, mita ni moja, na jirani ana haki sawa na yako ya kuizima. Hapo balbu janja italeta kikao. Weka yako ndani ya chumba chako, na ukihama uondoke nayo.

Shingo, volti, na mahali inapokaa

Panda kwenye stuli uangalie holda. Nyumba zetu zina aina mbili: ya pini, ambayo balbu unaisukuma na kuizungusha kidogo ikanasa, inaandikwa B22, na ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa, inaandikwa E27. Zote zipo mjini, na mara nyingi zipo zote mbili ndani ya nyumba moja kwa sababu fundi alinunua kilichokuwepo siku hiyo. Usikisie.

Kisha soma volti kwenye shingo ya balbu. Umeme wetu ni volti 230. Balbu inatakiwa iandikwe 220–240, au namba pana inayofika huko. Hili nalisisitiza kwa sababu ndugu walioko Marekani hutuma zawadi, na balbu za kule ni za volti 120. Shingo yao inaandikwa E26, inaingia kwenye holda yetu ya E27 bila kulalamika, na ukiwasha unapoteza balbu, au mabaya zaidi. Kuingia hakumaanishi inafaa.

Mwangaza upime kwa lumeni. Balbu ya LED ya wati 9 yenye lumeni 800 hivi inalingana na ile ya zamani ya wati 60, inatosha chumba cha kawaida. Kwenye rangi ya mwanga, 2700K ni wa njano kama wa kibatari, 6500K ni mweupe kama wa dukani.

Balbu inayokaa nje, chini ya paa la veranda, isipigwe na mvua. Balbu nyingi janja zimetengenezwa kwa matumizi ya ndani, na ukungu wetu wa asubuhi unaingia kila mahali. Tumia taa yenye kifuniko iliyoandikwa IP44 au zaidi, ila kifuniko kisiwe kidogo kiasi cha kuibana balbu bila hewa. Joto ndilo linaloziua mapema, kwa kuwa vifaa vya ndani vinapikwa na joto la balbu yenyewe. Kifuniko cha chuma nacho kinaziba mawasiliano, tafuta cha kioo au plastiki.

Halafu kuna swichi yenyewe. Kama ni ile ya kuzungusha inayopunguza mwanga, yaani dima, usiweke balbu janja. Balbu inapunguza mwanga yenyewe ndani, na dima inakata umeme vipande vipande kabla haujafika. Zikikutana taa inapepesa, inalia kama nyigu, kisha inakufa. Badilisha dima iwe swichi ya kawaida. Swichi zenye kataa kekundu kanakowaka gizani nazo zinapitisha umeme mdogo ambao unaweza kuifanya LED imulike hafifu au ipepese hata ikiwa imezimwa.

Ukiona balbu ya LED inang'aa kidogo usiku na swichi iko juu, na swichi haina kataa, mwite fundi. Pengine ni umeme unaorukia tu waya uliolala sambamba na mwenzake, lakini pengine aliyefunga nyumba alipitisha nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye swichi badala ya laini (waya unaoleta umeme). Hapo holda ina umeme hata ukiwa umezima, na siku moja utabadilisha balbu ukiwa umesimama kwenye stuli ya chuma.

Mtandao, bila kujidanganya

Balbu zinazouzwa zaidi ni za waifai. Zinahitaji ruta inayobaki nyumbani ikiwa imewashwa. Simu yako ikiwa ndiyo hotspoti, ukitoka kwenda Mwanjelwa mtandao umeondoka nawe mfukoni na balbu imebaki yatima. Nyingi pia zinazungumza na kompyuta za kampuni huko mbali kabla ya kukutii, kwa hiyo bando likiisha, amri za kutoka nje ya nyumba zinaisha. Ratiba zilizohifadhiwa ndani ya balbu zinaweza kuendelea, ila jaribu kabla ya kuamini: zima ruta jioni uone kama taa itawaka kwa saa yake.

Jambo la pili ni masafa. Karibu balbu zote za waifai zinatumia gigahezi 2.4 tu. Ruta yako ikiwa na majina mawili ya mtandao, chagua lile la 2.4. Kama ni jina moja linalobeba yote na balbu inakataa kuungana, ingia kwenye mipangilio ya ruta uzime masafa ya gigahezi 5 kwa muda, unganisha, kisha uirudishe. Hapa ndipo watu wengi wanaporudisha balbu dukani wakidhani ni mbovu.

Kuna za blututhi, ambazo hazihitaji intaneti wala ruta. Zinafanya kazi ukiwa karibu, ndani ya mita kumi hivi, na kuta zetu za tofali za kuchoma zinapunguza hata hizo. Kwa taa moja ya chumbani zinatosha kabisa, na kwa asiye na ruta ndizo ninazomshauri.

Za Zigbee, aina nyingine ya mawasiliano ya redio, zinahitaji kisanduku kikuu kinachounganishwa na ruta, na zina tabia ya kupokezana ujumbe: balbu ya sebuleni inapitisha amri kwa balbu ya korido, ya korido inapitisha kwa ya veranda. Mpango mzuri, hadi mtoto azime korido ukutani. Njia inakatika na veranda inapotea ingawa hakuna aliyeigusa. Ukiwa na Zigbee, swichi ya ukutani ina uzito mara mbili.

Kuiunganisha

Nunua moja. Si pakiti ya sita yenye punguzo, moja. Ikae mwezi mzima na familia.

Zima swichi ukutani, acha balbu ya zamani ipoe, funga mpya. Sakinisha programu iliyotajwa kwenye boksi. Balbu nyingi zisizo na jina kubwa zinatumia Smart Life, za TP-Link zinatumia Tapo. Fungua akaunti kwa barua pepe unayoikumbuka. Washa swichi. Balbu mpya kwa kawaida inapepesa haraka, maana yake iko tayari kuungana. Isipopepesa, zima na washa ukutani mara tatu hadi tano mfululizo kama karatasi ya ndani inavyoelekeza, hadi ianze. Simu iwe kwenye waifai ileile, weka nywila ya ruta, subiri dakika moja. Ipe jina ambalo mtu wa nyumbani angelisema: "Nje mbele", "Kwa Bibi". Programu mara nyingi inaipa jina lisilomwambia mtu kitu, na ukiwa na balbu tatu za namna hiyo utazima ya sebuleni ukitaka ya chumbani.

Ile zima-washa ya mara tatu mpaka tano iweke akilini, inarudi sasa hivi.

Umeme ukirudi: mpangilio unaoamua kila kitu

Usiku mmoja wa Januari, mvua ya radi, umeme ukakatika. Tukalala. Saa tisa usiku ukarudi, na balbu zangu zote nne zikawaka kwa mwanga kamili, moja ikiwa nusu mita kutoka usoni mwa mtoto wa miezi minane. Nyumba nzima ikaamka. Mama mkwe, aliyekuwepo safari hiyo pia, hakusema neno. Alicheka tu.

Balbu janja ikipata umeme haijui kama umeme ulikatika mtaa mzima au ni mtu amebonyeza swichi. Kwake ni jambo moja. Ndani ya mipangilio ya balbu nyingi kuna sehemu inayouliza ifanye nini umeme unaporudi, na chaguo ni tatu: iwake, ibaki imezima, au irudi kama ilivyoachwa. Kiwandani nyingi zimewekwa ziwake. Zipo za bei ya chini zisizo na chaguo hili kabisa, na hizo usinunue, kwa sababu bila chaguo hili huwezi kuishi vizuri na swichi ya ukutani wala na umeme wetu.

Ukichagua iwake, swichi ya ukutani inakuwa na nguvu yake ya zamani. Mgeni akikuta taa imezimwa kwa simu, anabonyeza swichi juu kisha chini, taa inawaka. Hasara ni ile ya saa tisa usiku.

Ukichagua ibaki imezima, mnalala kwa amani, lakini swichi ya ukutani imekufa. Mtu atabonyeza hadi achoke.

Irudi kama ilivyoachwa iko katikati, na ina mtego wake: taa iliyozimwa kwa simu itabaki imezimwa hata swichi ikipigwa juu-chini, na anayepiga hataelewa kwa nini jana ilikubali na leo inagoma.

Mimi nimegawa. Vyumba vya kulala, irudi kama ilivyoachwa. Sebule na veranda, iwake. Taa ya veranda ikiwaka yenyewe saa tisa usiku baada ya umeme kurudi haimsumbui mtu, tena mwizi aliyekuja kwa ajili ya giza inamkera. Ukishaweka, jaribu kwa kuzima mainswichi kwa dakika moja na kuiwasha, ukiwa umesimama ndani ya nyumba unaangalia. Usisubiri mvua ikujaribie.

Sasa ile zima-washa ya mara tatu hadi tano. Umeme wa siku za radi una tabia ya kwenda na kurudi mara kadhaa ndani ya dakika moja. Balbu inahesabu kama wewe ndiye uliyekuwa ukiibonyeza, inajifuta yenyewe na kuanza kupepesa ikitafuta mwenye nyumba mpya. Imenitokea. Ukiona balbu inapepesa baada ya mvua, usiitupe; iunganishe upya. Na mawingu yakianza kunguruma kule mlima Loleza, zima sakiti ya taa kwenye mainswichi hadi utulivu urudi. Balbu ya wati 9 yenye redio ndani ni nyepesi kufa kuliko ile ya zamani ya waya.

Watoto nao wanapenda kuchezea swichi, tap-tap-tap-tap. Matokeo ni yaleyale. Waambie ukweli: mara mbili inawasha, zaidi ya hapo inaharibu. Wangu walielewa kuliko watu wazima.

Swichi: njia nne, kutoka ya bure hadi ya fundi

Ya kwanza ni kuiacha ilivyo na kufundisha watu. Kanuni yangu ya nyumbani ina sentensi moja: swichi yenye kipande cha kitenge inabaki chini, taa ikiwa imezima na unaitaka, juu mara moja, chini mara moja. Nilibandika kitenge cha njano kwenye swichi mbili tu. Mama mkwe aliweza siku hiyohiyo, nilipomwonyesha ile hesabu ya yuniti 0.36. Alichokuwa anakataa ni umeme kuliwa, si balbu.

Ya pili ni kitufe cha rimoti kinachotumia betri, unakibandika pembeni ya swichi au juu yake kwa mfuniko unaoizuia isiguswe. Mkono unakwenda palepale ulipozoea, lakini unaongea na balbu kwa redio na umeme haukatiki. Hii ndiyo ninayoipenda kwa chumba cha kulala: kimoja mlangoni, kimoja ubavuni mwa kitanda, bila kuchimba ukuta. Hakikisha kitufe na balbu ni za familia moja. Cha Zigbee hakiongei na balbu ya waifai bila kisanduku cha kuwaunganisha. Usifunike swichi kwa gundi isiyotoka. Siku ya kubadilisha balbu utaihitaji, maana balbu iliyozimwa kwa simu bado ina umeme kwenye holda. Kufungua balbu, zima ukutani kwanza. Kila mara.

Ya tatu ni kuacha balbu za kawaida na kubadilisha swichi iwe janja. Kwa korido, sebule yenye taa sita na mahali penye mikono mingi, hii inashinda zote. Mtu anabonyeza ukutani, wewe unabonyeza kwenye simu, hakuna ugomvi. Shida iko ndani ya ukuta.

Nilikuwepo fundi alipofungua boksi la swichi yetu ya sebule. Alizima mainswichi, akagusa kwa testa kuthibitisha, akalegeza skrubu mbili, akavuta swichi nje kwa vidole viwili kama anavyong'oa jino. Nyuma yake kulikuwa na waya mbili nyekundu. Moja inashuka na laini kutoka darini, nyingine inapanda kwenda kwenye taa. Hakuna nyeusi. "Bosi, hapa nyutro hamna. Iko juu kwenye taa." Nyumba nyingi zetu zimefungwa hivyo: nyutro inakwenda moja kwa moja kwenye taa na swichi inaikata laini tu. Swichi janja nyingi zinahitaji nyutro ili redio yao ipate umeme wakati taa imezimwa.

Hapo una njia. Fundi anaweza kuvuta waya wa nyutro kutoka darini kupitia bomba lilelile kama lina nafasi. Au unanunua swichi janja isiyohitaji nyutro, ambayo inajilisha kwa kupitisha umeme mdogo sana kwenye balbu. LED ndogo inaweza kupepesa kwa umeme huo, ndiyo maana zinakuja na kapasita kadogo kanakofungwa kwenye taa. Usikatupe ukidhani ni spea. Usichanganye swichi ya aina hiyo na balbu janja, zitanyang'anyana umeme. Na kabla ya kulipa pima boksi lako ukutani, maana swichi hizi ni nene kwa nyuma kuliko za kawaida.

Ya nne ni rilei ndogo, yaani swichi ya ndani inayotii simu, ukubwa wa kiberiti, kama zile za kampuni za Shelly na Sonoff. Inafungwa darini kwenye kiungio cha taa, ambako nyutro ipo, na swichi yako ya zamani inabaki ukutani na sura yake. Baadhi zina mpangilio unaoitenganisha swichi na umeme: rilei inaacha umeme uende kwenye balbu muda wote, na kubonyeza swichi kunatuma ujumbe tu. Kwa anayetaka rangi za balbu janja na swichi ya ukutani inayoheshimika kwa pamoja, hiyo ndiyo njia safi. Iwekwe ndani ya boksi la kuungia lenye mfuniko. Darini kwetu kuna panya, vumbi na joto la bati, na waya ulioachwa wazi juu ya boriti ni moto unaosubiri siku yake.

Kazi ya tatu na ya nne mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Kuna pia wanaounganisha zile waya mbili nyekundu moja kwa moja na kuitoa swichi, ili balbu iwe na umeme milele. Usikubali. Holda itakuwa na umeme usiku na mchana, na atakayekuja kubadilisha balbu hatajua.

Swichi za njia mbili, zile za ngazi au za mlangoni na kitandani, ziguse tu ukiwa na fundi anayejua waya zake zinavyopishana. Kwa balbu janja, swichi zote mbili zinaweza kuikata. Kitenge kiende kotekote.

Ratiba na saa zetu

Programu zinahesabu saa kwa namna ya Kizungu, kuanzia usiku wa manane. Saa moja jioni ni 19:00, saa 12 asubuhi ni 06:00. Shemeji yangu aliandika 1:00 akimaanisha saa moja jioni, na kwa wiki mbili taa yake ya nje ilikuwa inawaka saa saba usiku. Majirani walidhani anarudi kutoka mahali.

Bora kuliko saa ni kuifungia taa na kuzama kwa jua, ila hakikisha programu inajua uko wapi. Zikijitafutia mahali kupitia intaneti, mara nyingi zinakuweka Dar es Salaam. Jua la Mbeya linazama dakika 20 hadi 27 hivi baada ya la Dar, kutegemea msimu. La Iringa kama robo saa. Ukiacha Dar, taa yako itawaka mchana kweupe kila siku. Andika mji wako kwa mkono, na kanda ya saa iwe GMT+3.

Mimi veranda inawaka jua likizama, inashuka hadi asilimia 30 saa nne usiku, inazima saa 12 na nusu asubuhi. Mwanga wa asilimia 30 unatosha kuona aliyesimama getini, na wadudu wanapungua kwenye chandarua cha dirisha.

Ukihama, na droo ya akiba

Ukiondoka na balbu, au ukimpa mtu, ifute kwanza kwenye programu yako. Isipofutwa, kwa nyingi mwenye mpya hataweza kuiunganisha, na nywila ya ruta yako inabaki ndani yake. Ukibadilisha ruta, iite mpya kwa jina na nywila zilezile za zamani. Balbu zitajiunga zenyewe bila wewe kupanda stuli hata moja.

Na usitupe balbu za kawaida ulizozitoa. Zangu ziko kwenye boksi la viatu juu ya kabati, mbili za pini na moja ya kuzungusha, pamoja na testa na kipande cha kitenge kilichobaki.